Nilichojifunza kwenye kuta za kanisa la Mbweni

Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, katika nyumba ambayo ukisimama uani kwake unaliona bati la kanisa kati ya minazi na michungwa. Kanisa hilo lilijengwa na Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wazee wetu huitaja hadi leo kwa herufi zake nne, UMCA, na kuta zake ni za mawe ya mlimani yaliyoungwa kwa chokaa. Nilibatizwa humo, nikapokea kipaimara humo, na nilipokuwa fundi mwashi niliamini kwamba nalijua jengo lile kuliko mtu yeyote wa rika langu. Mwaka 1994 halmashauri ya kanisa ilipoamua kwamba lipu ya zamani imechoka na ibandikwe mpya, kazi hiyo nilipewa mimi. Niliifanya kwa moyo wote. Niliikwangua chokaa yote ya zamani hadi jiwe likaonekana, kisha nikapiga lipu ya saruji, nzito na laini kama sakafu ya benki, nje na ndani, kuanzia msingi hadi chini ya paa. Waumini walifurahi, padre akatoa shukrani mbele ya altare, na mama yangu alilia kwa furaha.

Haikupita masika ya tatu kabla ukuta wa kusini haujaanza kuota ukungu wa kijani ndani, chini ya madirisha. Rangi ilivimba kama ngozi iliyoungua. Chini yake palitoka unga mweupe, ambao ukiuonja ni chumvi, na nilipogonga lipu kwa mpini wa nyundo ilitoa sauti ya mtungi mtupu. Nilidhani saruji ilikuwa haba, kwa hiyo nilibomoa sehemu zile na kuzipiga upya kwa mchanganyiko mkali zaidi. Unyevu ulihamia juu kwa karibu kimo cha mtoto. Nilirudia kazi hiyo mara mbili, kwa gharama ya sadaka za watu wanaoishi kwa kuuza machungwa, na sikuwa na jibu la kuwapa.

Nilikwenda Unguja mwaka 2003 kutafuta kazi, wala si kutafuta jibu. Mji Mkongwe ulikuwa umeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mafundi walihitajika katika ukarabati wa nyumba za mawe. Nilipangiwa kumsaidia mzee mmoja wa Kiunguja aliyekuwa ameifanya kazi ya chokaa tangu utotoni, kama baba yake kabla yake. Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akaniangalia mikono, akauliza, "Fundi, huko kwenu ukuta wa zamani mwaupaka nini?" Nilimjibu kwamba tunaupaka saruji. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi mwanangu, mmemvika mtu koti la mvua katika jua la kaskazi. Jasho lake litokee wapi?"

Sentensi hiyo moja ilinieleza miaka tisa ya mahangaiko. Ukuta wa mawe na chokaa hauna kizuizi cha unyevu kwenye msingi kama tunavyoweka siku hizi. Maji ya ardhini hupanda ndani yake kidogo kidogo, na maji ya mvua huuingia kwa nje, lakini kwa kuwa chokaa ina vitundu vidogo sana, unyevu ule hutoka tena kwa upepo na jua, na ukuta hubaki mkavu kiasi cha kutosha kuishi miaka mia na zaidi. Saruji haiuruhusu kutoka. Maji yakizuiwa nje hutafuta njia ndani, au hupanda juu, na chumvi iliyoyeyuka ndani yake hubaki pale yanapokaukia, ikaganda na kuvunjavunja chokaa iliyoshika mawe. Kwa hiyo kila nilipoongeza nguvu ya saruji nilikuwa naongeza ubaya wake.

Mzee huyo alikuwa Mwislamu, swala haimpiti, lakini ndiye aliyenituma kanisani. "Jumapili uende Mbweni," alisema. "Kaangalie magofu ya ile skuli kwanza, halafu ndiyo uingie kanisani." Sikuelewa kwa nini alipanga hivyo, ila nilimtii.

Mbweni iko pwani, kilomita chache kusini mwa Mji Mkongwe. Siku hizi mji umeifikia na kuipita, lakini ilianza kama kijiji cha pekee, na kanisa lake lilikuwa la kijiji kwa maana kamili ya neno hilo, kwa sababu kijiji na kanisa vilikua pamoja. Shamba hilo lilinunuliwa mwaka 1871 na misheni ya UMCA wakati wa askofu wake William George Tozer. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza uliofunga masoko ya watumwa katika milki yake, lakini majahazi hayakuacha kusafirisha watu, na manowari za Uingereza zilipoyakamata, watu waliomo walikuwa hawana pa kurudi. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na watu wa makabila mengine mengi, na wengine walichukuliwa wakiwa wadogo kiasi cha kutojua jina la kijiji walikozaliwa. Watoto waliingizwa katika shule za misheni. Watu wazima wengi waliletwa Mbweni, wakapewa vipande vya ardhi na mahali pa kujenga vibanda vyao, wakaanza kuoana, kulima na kuzika wafu wao. Lugha waliyoweza kusemeshana ilikuwa Kiswahili, na katika lugha hiyo hiyo Askofu Edward Steere, aliyemfuata Tozer, alikuwa akitafsiri Agano Jipya na kitabu cha sala.

Nilikuwa nimeyasikia mambo haya tangu darasa la kipaimara, lakini niliyasikia kama mtu anavyosikia habari za nchi ya mbali. Pale Mbweni nilikuwa nimesimama juu yake.

Magofu niliyoagizwa kuyaangalia ni ya shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria, iliyojengwa kwa ajili ya mabinti walioachwa huru. Caroline Thackeray aliwasili kutoka Uingereza mwaka 1877 akaiongoza shule hiyo kwa miaka 25, hadi 1902, naye hakurudi kwao baada ya kustaafu. Alibaki Unguja, akafa mwaka 1926, na kaburi lake liko kwenye makaburi ya kanisa la Mbweni. Shule yenyewe haina paa tena, miti imeota ndani ya vyumba, na lipu imeanguka sehemu nyingi. Ndipo nilipotambua kusudi la mzee. Ukuta ulioanguka lipu ni kitabu kilichofunguliwa. Jengo lililo hai limejifunika, na mtu hawezi kulichubua ili asome, lakini gofu linaonyesha jinsi mafundi wa wakati ule na wa mahali pale walivyofikiri.

Nilikaa pale karibu saa mbili. Mawe ya Unguja ni ya namna mbili, na fundi anayeyajua hayachanganyi ovyo. Kuna jiwe gumu la nchi kavu, matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari yapata maelfu mengi ya miaka, lenye matundu na kona kali, lisilokubali kuchongwa vizuri. Hilo ndilo linalojaza ukuta. Na kuna matumbawe yanayokatwa baharini yakiwa bado na maji, mepesi na laini, ambayo huchongwa kabla hayajakauka na kuwekwa mahali panapotaka umbo zuri. Kwa kuwa jiwe la nchi kavu halina uso wa bapa, ukuta hauwezi kuwa mwembamba: fundi hupanga mawe makubwa upande wa nje na upande wa ndani, kisha katikati hujaza vijiwe, chokaa na udongo mwekundu, akishindilia vipande vidogo kwenye kila pengo kati ya mawe ili chokaa isiwe nene mahali popote. Sisi kwetu husema kuta za wamisionari ni nene kwa sababu walitaka kuonyesha nguvu. Pale niliona kwamba unene hutokana na jiwe lenyewe.

Mzee alinifundisha pia, siku nyingine, jambo linalohusu upana wa vyumba, na kila ninapoingia kanisani nalikumbuka. Nyumba za mwambao huezekwa kwa boriti za mikoko, na boriti moja haiwezi kubeba sakafu au dari nzito kwa upana unaozidi mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani za Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba. Sasa kanisa linataka kinyume chake. Linataka watu wote wakae katika chumba kimoja, wamwone padre na altare, bila msitu wa nguzo katikati. Kwa hiyo kila aliyejenga kanisa katika pwani hii alipaswa kwanza kulishinda tatizo la paa. Steere, katika kanisa kuu la Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, alichagua njia ya ujasiri mkubwa: alifunika ukumbi wake kwa kuba refu la matumbawe yaliyosagwa na kuchanganywa na saruji, lenye upana unaozidi mita nane, bila boriti hata moja. Watu walisema litaanguka. Bado limesimama. Nasema haya nikijua kwamba yananipinga kidogo, kwa sababu ni saruji ya mgeni iliyotumika humo. Lakini ilitumika katika kazi inayoifaa, kubeba uzito katika jengo lililofikiriwa hivyo tangu mwanzo, wala haikubandikwa juu ya ukuta wa chokaa usioitaka.

Baada ya magofu niliingia kanisani. Kanisa la Mtakatifu Yohane lilitabarukiwa mwaka 1882, ambao ndio mwaka aliokufa Steere, mwezi wa Agosti, akazikwa Mkunazini nyuma ya altare kuu. Lina mnara, nalo limezungukwa na miti mikubwa, na ukitoka juani ukaingia ndani ubaridi unakupokea mlangoni kama maji ya kisima. Misa ilikuwa inaanza. Niliketi nyuma, na katika muda wote wa masomo nilishindwa kuacha kuzitazama kuta, nikiwaza kuhusu kila tope la chokaa lililomo ndani yake.

Kwa maana kufikia hapo nilikuwa nimekwisha kuichoma chokaa kwa mikono yangu. Magogo hupangwa kwa mduara, safu juu ya safu, hadi kimo cha mtu, mawe ya matumbawe hupangwa juu yake, kisha moto huwashwa kutoka katikati. Unawaka usiku na mchana. Moto hulifukuzia jiwe hewa iliyomo ndani yake, na kinachobaki ni cheupe na chepesi, chenye hasira ya ajabu kikiguswa na maji: huchemka, hupasuka na kutoa mvuke, na ndiyo maana tunasema tunaizima chokaa. Ikishazimwa hulazwa shimoni, imefunikwa, miezi kadhaa, na kadiri inavyolala ndivyo inavyokuwa laini na yenye kunata. Ikishapakwa ukutani huivuta polepole kutoka angani ile ile hewa iliyofukuzwa na moto, na mwaka baada ya mwaka hurudi kuwa jiwe. Saruji huwa ngumu kwa siku moja. Chokaa huchukua umri wa mtoto kukua. Kazi hii yataka mikono mingi: wa kukata kuni, wa kuvunja mawe, wa kubeba maji, wa kupepeta. Nikiwa nimeketi pale nyuma niliwaza kwamba hakuna debe moja la chokaa katika ukuta ule ambalo halikupita kichwani au mabegani mwa mtu. Na watu wa kijiji kile walikuwa wametoka kubebeshwa mizigo ya wengine njiani kutoka Nyasa hadi pwani, wakiwa wamefungwa. Sina namna ya kulieleza wazo lile lililonijia, isipokuwa kusema kwamba sikuweza kuimba wimbo wa sadaka.

Baada ya Misa mzee wa kanisa mmoja, aliyeniona nikigusa ukuta, alinikaribisha nitazame mbele. Altare ni ya marumaru, imetiwa vipande vya gamba la chaza vinavyometameta mwanga ukivipiga. Kisha alinionyesha kiti cha mbao kilichotengenezwa kwa ajili ya Askofu Frank Weston. Hapo nilishtuka, kwa sababu Weston, aliyekuwa askofu wa Zanzibar tangu 1908, alifia kwetu. Alifariki tarehe 2 Novemba 1924 huko Hegongo, akazikwa Magila, na bibi yangu alinipeleka kaburini kwake nikiwa na umri wa kushikwa mkono. Nilikuwa nimevuka bahari kwenda mahali nilipodhani pa kigeni, kumbe kiti cha mtu aliyelala kijiji cha jirani yetu kilikuwa pale kikinisubiri. Nilimweleza mzee yule. Alinishika bega akasema, "Basi mwenzetu umefika kwenu."

Nilianza kwenda Mbweni karibu kila Jumapili, na kila mara nilijifunza jambo dogo. Kwa desturi kanisa huelekezwa mashariki, ambapo altare huwekwa, na hilo lina matokeo ambayo fundi wa pwani hawezi kukosa kuyaona: kuta zake ndefu hutazama kaskazini na kusini. Kwa hiyo madirisha ya upande mmoja hupokea upepo wa kaskazi na ya upande wa pili hupokea kusi, na kuta fupi ndizo zinazokutana na jua kali la asubuhi na la alasiri. Lakini ukuta wa kusini ndio unaopigwa na mvua za masika, nao ndio uliooza kwetu. Jengo lilikuwa limenieleza jambo hilo miaka yote, nami sikuwa nimejua kusikiliza.

Jambo jingine lilihusu watu. Mwaka 1876 Steere aliondoka na zaidi ya watu 50 wa Mbweni, wanaume na wanawake, kuwarudisha katika nchi za Nyasa walikotoka. Walipita Lindi, wakatembea bara, na walipofika Masasi waliona ardhi nzuri, wakaomba wakae pale pale. Kijiji walichokianzisha ndiyo asili ya kanisa la Anglikana la Masasi. Watu waliokuja Unguja wakiwa bidhaa waliondoka wakiwa waanzilishi wa parokia. Nilipokutana baadaye na fundi mwenzangu kutoka Masasi, akaniambia kwa fahari kwamba ukoo wao ulitoka Mbweni, niliona aibu kwamba mimi nisingeweza kumweleza hata ni nani aliyevunja mawe ya kanisa nililobatizwa.

Nilirudi nyumbani mwaka 2011, baada ya mzee wangu kufariki. Nilikwenda kwa padre na halmashauri, nikasimama mbele yao na kueleza kwamba lipu niliyoipiga ndiyo iliyokuwa ikiliua kanisa, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba nilitaka kuiondoa bila malipo. Lilikuwa jambo gumu. Mjumbe mmoja aliuliza, kwa haki kabisa, watajuaje kwamba safari hii ninajua ninachokifanya. Nilimwomba mita mbili tu za ukuta, pale palipokuwa pabaya kuliko pote, na mwaka mmoja.

Kuibandua saruji kwenye ukuta wa chokaa ni kazi ya subira kuliko nguvu, kwani ukipiga nyundo kwa pupa inaondoka na uso wa jiwe na chokaa iliyomo kwenye maungio. Nilitumia patasi ndogo, nikafanya kazi asubuhi tu. Nyuma ya lipu ukuta ulikuwa umelowa kama udongo wa bustani, na kwenye maungio chokaa ilikuwa imekuwa unga, ilimwagika yenyewe. Niliuacha wazi ukauke katika kiangazi chote. Kisha nilijaza maungio kwa chokaa iliyolala miezi sita, nikishindilia vijiwe vidogo kama nilivyoona katika magofu, nikapiga lipu nyembamba ya chokaa na mchanga kwa tabaka tatu, kila tabaka likipewa muda wake, likilowanishwa na kufunikwa kwa magunia ili jua lisilikaushe mapema. Mwisho niliupaka maji ya chokaa. Masika ilikuja ikapita. Zile mita mbili zililowa mvua ikinyesha na kukauka jua lilipotoka, wakati ukuta uliobaki ulikuwa mweusi kwa ukungu pande zote mbili za sehemu yangu.

Katika kubandua huko, karibu na dirisha la tatu, nilikuta ndani ya chokaa ya zamani alama za vidole vinne. Mtu alikuwa ameshindilia kijiwe kwa mkono badala ya mwiko, chokaa ikiwa bado laini, na mkono wake ulikuwa mdogo, wa mwanamke au wa kijana. Mwaka 1994 lazima nilipita juu ya alama za namna hiyo nikazikwangua bila kuziona. Niliwaita wanakwaya waliokuwa mazoezini, kisha padre, kisha mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa akitembea kwa mkongojo, na kila mmoja alijaribu kuweka vidole vyake mahali pale. Vya mama viliingia. Sehemu ile sikuifunika kwa lipu. Niliizungushia ukingo mdogo wa chokaa, na imebaki wazi chini ya dirisha.

Ukuta wa kusini ulikamilika mwaka 2015. Wa mashariki na wa kaskazini ulifuata, kidogo kidogo, kwa fedha za mavuno na kwa vijana watatu niliowafundisha kuchoma na kuzima chokaa, mmoja wao msichana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye jicho zuri kuliko langu katika kuchagua jiwe. Bado ukuta wa magharibi, wenye mlango mkubwa. Chokaa yake imelala shimoni tangu Januari, tumeifunika kwa majani ya migomba na bati, na tutaigusa masika ikishapita.